Kitalu, kota na siasa: nani huamua mnyama gani apigwe risasi

Katika mikutano ya vijiji vinavyopakana na mapori ya akiba, swali moja halikosi, na mara nyingi muulizaji ni mzee: iweje kijana wetu akiua swala kwa mkuki aende jela, na mgeni akiua simba kwa bunduki apigwe picha ya ukumbusho? Maofisa wengi hujibu kwamba mgeni ana leseni. Kisheria jibu ni sahihi, ila halimtoshi mzee. Anachotaka kujua ni nani aligawa leseni hizo, kwa hesabu gani, na fedha zake ziliishia wapi. Makala hii inalichukua swali lake kama alivyolikusudia.

Leseni yenyewe ina historia. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya kudhibiti uwindaji katika koloni lake la Afrika Mashariki, na mwaka 1900 mataifa ya Ulaya yakakutana London kukubaliana juu ya kuhifadhi wanyama wa Afrika. Wasiwasi wao haukuwa wa bure, kwani biashara ya pembe za ndovu ilikuwa imewapunguza tembo vibaya. Lakini dawa waliyoichagua ilikuwa kibali cha kulipia, na mwenye uwezo wa kulipa alikuwa mgeni. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, akiwa ndiyo kwanza ametoka madarakani Marekani, alikuja Afrika Mashariki kuwinda na mwanawe Kermit. Wawili hao peke yao walipiga wanyama 512, na kila kitu kilikuwa halali. Waliangulu wa Kenya, ambao vizazi kwa vizazi waliwinda tembo kwa upinde na mishale ya sumu, wakajikuta majangili katika nchi yao, hasa baada ya Tsavo kutangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1948.

Serikali za uhuru zilirithi sheria hizo zikiwa karibu nzima. Mwalimu Nyerere, katika tamko alilolitoa Arusha Septemba 1961 (watu hulichanganya na Azimio la Arusha la 1967), aliahidi kufanya kila liwezekanalo ili wajukuu wa watoto wetu waukute urithi wa wanyamapori. Baada ya hapo majirani wawili wakashika njia tofauti. Tanzania ilifunga uwindaji mwaka 1973, ikaufungua tena 1978 chini ya shirika la umma la TAWICO, na miaka ya 1980 kampuni binafsi zikapewa vitalu, yaani maeneo yaliyotengwa kwa uwindaji. Kenya ilifunga Mei 1977 na mpaka leo haijafungua. Ilikaribia kufanya hivyo mwaka 2004, Bunge lilipopitisha muswada wa kulegeza marufuku, lakini Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia saini.

Kwa hiyo tuna nchi mbili zinazogawana Serengeti na Mara, zinazogawana tembo wa Amboseli na Kilimanjaro, moja ikiruhusu na nyingine ikikataza kwa karibu nusu karne. Mtu angetarajia jibu liwe limeshapatikana. Halijapatikana, na kila upande una takwimu yake ya kumtolea mpinzani.

Anayetetea uwindaji huanza na Kenya. Mwaka 1973 ilikadiriwa kuwa na tembo 167,000, na mwaka 1989 walibaki kama 16,000, yaani maangamizi hayo yaliendelea hata baada ya marufuku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ukionyesha mwenendo wa wanyama wakubwa kwenye nyanda za malisho za Kenya ulikuta wamepungua kwa wastani wa asilimia 68 tangu 1977. Anayepinga uwindaji naye hakosi jibu. Humwonyesha mwenzake Selous ya Tanzania, lililokuwa pori la akiba kubwa kuliko mengine, na lililowindwa tangu uwindaji ulipofunguliwa tena 1978. Mwaka 1976 lilikuwa na tembo wapatao 109,000, na mwaka 2013 wakahesabiwa kama 13,000. Tanzania nzima ilipoteza takriban asilimia 60 ya tembo wake kati ya 2009 na 2014.

Takwimu zote hizo ni za kweli, na hapo ndipo mjadala unapochosha. Ukizitazama kwa pamoja zinasema jambo ambalo pande zote mbili hazilipendi: tembo wa Kenya na wa Selous waliuawa na majangili wenye soko la pembe, na jangili haombi kibali. Kilichotofautisha miaka mizuri na mibaya ni fedha za doria na uadilifu wa wasimamizi. Selous ilipona baada ya ujangili wa miaka ya 1980 kwa sababu sehemu ya mapato ya uwindaji iliachwa ibaki porini, inunue mafuta ya magari na kuwalipa askari. Mpango huo ulipodhoofishwa na fedha kuvutwa kwenda hazina kuu, doria zikapungua na majangili wakarudi. Kenya kwa upande wake, baada ya Rais Moi kuchoma tani 12 za pembe mwaka 1989, na shirika la wanyamapori la Kenya (KWS) kuundwa na kupewa meno, tembo walianza kuongezeka. Sensa ya 2021 ilihesabu 36,280.

Pundamilia na nyumbu wa Kenya hawakunufaika hivyo. Hawana pembe za kuuza nje. Walipungua kwa sababu malisho yao yalizungushiwa uzio, yakalimwa, au yakajaa mifugo. Wanyama wengi wa Kenya wanaishi nje ya hifadhi, kwenye ardhi ya watu, na marufuku ya 1977 haikumpa mfugaji sababu hata moja ya kumvumilia pundamilia anayemaliza nyasi za ng'ombe wake. Sababu hiyo ilikuja baadaye sana, pale hifadhi za jamii zinazouzunguka Masai Mara zilipoanza kuwalipa wamiliki kodi ya ardhi kutokana na utalii wa picha, na sheria ya mwaka 2013 ikazitambua rasmi.

Sasa tuingie kwenye kota, maana hapa ndipo kazi ya kitaalamu ilipo na ndipo uongo mwingi hujificha. Kota ni idadi ya wanyama wa kila aina wanaoruhusiwa kuwindwa katika kitalu kwa msimu, ambao Tanzania huanza 1 Julai. Wananchi wengi hudhani tunahesabu wanyama wote kisha tunatoa asilimia fulani. Kwa tembo na nyati hilo linawezekana kwa kiasi, kwa kuwa wanaonekana vizuri kutoka kwenye ndege. Kwa chui na simba haliwezekani. Huwezi kuhesabu chui kwa ndege, na anayekuambia kitalu chake kina chui kadhaa kamili anabahatisha.

Kwa simba tulipata njia nyingine. Madume wageni wanapoliteka kundi huwaua watoto wadogo waliowakuta, ili majike yaingie joto mapema. Dume kijana akipigwa risasi, wanakuja wengine, wanaua watoto, na kabla hawajalea wao, nao wanapigwa. Kundi linaweza kukaa miaka bila kukuza mtoto hata mmoja, ingawa mwindaji aliua dume tu na kota haikuvunjwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliotumia kumbukumbu za miaka mingi za simba wa Tanzania, ulionyesha kwamba ukiwinda madume waliokwisha kulea tu, madhara kwa kundi ni madogo mno. Ndipo Tanzania ikaweka umri wa chini wa miaka 6. Mwindaji bingwa, yaani mtaalamu anayemwongoza mgeni, hutazama manyoya ya shingoni na pua, ambayo kwa simba kijana ni ya waridi na huzidi kuwa nyeusi kadiri anavyozeeka. Mimi naihesabu kanuni hii kuwa miongoni mwa chache zilizotoka moja kwa moja kwenye sayansi hadi kwenye bunduki.

Kwa tembo, mantiki hiyo hiyo inageuka mkosi. Sheria inakataza kupiga tembo mwenye pembe ndogo, kwa nia njema ya kuwanusuru vijana. Matokeo yake bunduki zote zinaelekezwa kwa wazee. Nimesikia mara nyingi ikisemwa kwamba dume mzee amekwisha maliza kazi yake ya uzazi. Si kweli. Utafiti wa Amboseli, ulioanza mwaka 1972 na unaomfahamu kila tembo kwa sura yake, umeonyesha kuwa dume hufikia kilele cha uzazi akiwa na miaka 40 na zaidi. Majike humpendelea, na madume vijana hutulia akiwepo. Pembe nazo hukua maisha yote. Kwa hiyo mwenye pembe kubwa kuliko wote mara nyingi ndiye baba wa watoto wengi kuliko wote.

Ndiyo maana kilichotokea Enduimet kiliwasha moto. Enduimet ni eneo la jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori magharibi mwa Kilimanjaro, wilayani Longido, na tembo wa Amboseli huingia na kutoka wapendavyo. Baada ya madume wa Amboseli kupigwa upande wa Tanzania mwaka 1994, palifikiwa maelewano kwamba ukanda huo usiwindwe tembo, na kwa karibu miaka 30 yaliheshimiwa. Kuanzia Septemba 2023 madume kadhaa wenye pembe kubwa wakapigwa hapo, kwa vibali. Watetezi walisema, na kwa hesabu ya taifa walisema kweli, kwamba Tanzania ina tembo takriban 60,000 na kota yake ya nyara (viungo vya mnyama ambavyo mwindaji huenda navyo kwao) chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ni tembo 50 tu kwa mwaka. Lakini tembo hawazaliani kwa hesabu ya taifa. Ndani ya kundi moja la tembo wasiozidi elfu mbili hivi, wenye pembe za ukubwa ule huhesabika kwa vidole, na kuondoa watano ni jambo jingine kabisa na kuondoa watano kati ya 60,000. Kwa maoni yangu kota ya tembo ingepaswa kupangwa kwa kundi, na pale kundi linapovuka mpaka, ipangwe na nchi zote mbili. Maelewano ya mdomo hayadumu zaidi ya maofisa walioyafanya.

Kuhusu ugawaji wa vitalu nitasema kwa kifupi, ingawa siasa nyingi ziko hapo. Kwa miaka mingi waziri alikuwa na mamlaka makubwa ya kumpa kitalu amtakaye, na kila waziri mpya alikuja na orodha yake. Oktoba 2017 waziri wa maliasili na utalii, Hamisi Kigwangalla, alifuta vibali vilivyokuwa vimetolewa na kuagiza vitalu vigawiwe kwa mnada, na mwaka 2019 mnada wa kielektroniki ukaanza chini ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori Tanzania. Ni hatua nzuri. Mnada hauondoi siasa yote, ila angalau bei inaonekana.

Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, haikuwa suala la bei. Ruhusa ya kuwinda huko ilitolewa kwa kampuni ya kigeni mwaka 1992, juu ya ardhi ambayo Wamasai wanalisha mifugo. Juni 2022 serikali iliweka alama za mpaka kuzunguka kilomita za mraba 1,500, pakazuka vurugu, askari polisi akauawa na wananchi wakajeruhiwa. Hoja ya kiikolojia ipo, kwa maana eneo hilo ni mapito ya nyumbu. Lakini hoja ya ikolojia ikifika kijijini ikiwa imebebwa na mtutu, mfugaji hatamsikiliza mtaalamu wa wanyamapori kwa kizazi kizima.

Siasa za nje nazo zina nguvu kuliko tunavyopenda kukiri. Aprili 2014 Marekani ilisitisha kuingiza nyara za tembo kutoka Tanzania na Zimbabwe. Julai 2015 simba maarufu aitwaye Cecil aliuawa na mwindaji wa kitalii Zimbabwe, na kabla mwaka haujaisha Ufaransa ikapiga marufuku nyara za simba. Soko lilipopungua, vitalu vingi Tanzania vilirudishwa serikalini. Wapinga uwindaji walishangilia, lakini kitalu kisicho na mwindaji wala mtalii wa picha hubaki bila kambi, bila barabara na bila gari la doria, na wa kwanza kufika ni mchoma mkaa. Botswana ilipitia yote kwa kasi. Rais Ian Khama alifunga uwindaji mwaka 2014, mrithi wake Mokgweetsi Masisi akaufungua Mei 2019, miezi michache kabla ya uchaguzi, kwa kura za vijiji vinavyokanyagiwa mashamba na tembo. Mwaka 2024, Ujerumani ilipotaka kubana uingizaji wa nyara, Masisi akatishia kuipelekea tembo 20,000 ili Wajerumani wajifunze kuishi nao. Ilikuwa dhihaka, lakini aliyelala macho akilinda mahindi yake aliielewa vizuri.

Mtu huyo ndiye anayesahaulika zaidi. Kenya, kwa sheria ya 2013, familia ya aliyeuawa na mnyama inastahili shilingi za Kenya milioni 5, ingawa malipo huchelewa miaka. Tanzania hulipa kifuta machozi, ambacho kanuni za mwaka 2011 zilikiweka shilingi za Tanzania milioni 1 kwa kifo, na sheria haikitambui kuwa fidia. Tofauti hiyo haitokani na nani anaruhusu uwindaji na nani anakataza.

Na kijana mwenye mkuki? Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inatoa nafasi kwa jamii za asili za wawindaji, na Wahadzabe huwinda kwa mkate wao wa kila siku bila kuitwa majangili. Kwa wengine leseni ya mkazi ipo kwenye vitabu, lakini taratibu zake humfaa mwenye bunduki na gari.

Kwa walio katika jumuiya za hifadhi, jambo la kufuatilia ni dogo na linawezekana. Mwindaji wa kitalii halali haendi porini peke yake. Huongozana na mwindaji bingwa na askari wa wanyamapori, na kila mnyama aliyepigwa huandikwa kwenye kibali, hata aliyejeruhiwa akatoroka, kwa kuwa naye hulipiwa. Kumbukumbu hizo zipo. Kamati ya jumuiya izisome mbele ya mkutano wa kijiji kila msimu unapofungwa: kota ilikuwa ngapi, wamepigwa wangapi, zimelipwa shilingi ngapi na kijiji kimepata ngapi. Ikiwa kamati haina nakala, iulize kwa barua ofisi ya TAWA ya kanda, na barua hiyo isomwe pia kwenye mkutano, pamoja na jibu lake au ukimya wake.