Trei za mayai hazitulizi besi

Wengi hubandika trei za mayai ukutani wakiamini muziki sebuleni utasikika safi. Hautasikika hivyo. Karatasi ile ni nyembamba: hupunguza kidogo mwangwi wa sauti za kati na za juu, lakini besi, yaani sauti nzito za chini, haiguswi. Wimbi la besi ya hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 7. Trei ya sentimita chache haiwezi kulizuia. Tena karatasi kavu hushika moto upesi, na hilo ndilo linalonitia hofu zaidi.

Anza na spika. Ziondoe kwenye kona, maana kona huvimbisha besi. Mwangwi utapunguzwa na zulia zito na mapazia mazito yenye mikunjo. Kabla ya kununua amplifaya mpya, sogeza spika nusu mita kutoka ukutani, kisha usikilize wimbo uleule.