Tafakari ya kila siku: kumtumaini Mungu kwa kulisoma Neno lake

Tafakari ya kila siku ni muda mfupi, kwa kawaida dakika 15 hadi 20, ambao Mkristo anautenga ili asome kifungu cha Maandiko, akae nacho, amjibu Mungu kwa sala, kisha aondoke na jambo moja la kufanyia kazi. Kila kanisa lina jina lake. Wasabato wana kesha la asubuhi. Wakatoliki wengi hufuata masomo ya Misa ya siku husika. Kwenye familia huitwa tu sala ya asubuhi au ya jioni. Kwenye simu inajulikana kama neno la leo: aya moja juu ya picha ya jua linalochomoza, na chini yake msururu wa "Amina". Hiyo aya inaweza kuwa mwanzo wa tafakari, lakini yenyewe bado si tafakari, kwa sababu hakuna aliyekaa nayo.

Mada inayorudi mara nyingi kuliko zote katika tafakari hizi ni kumtumaini Mungu, na ndiyo inayoharibiwa kirahisi zaidi. Katika Maandiko, kumtumaini Mungu ni kuufanya uamuzi wa leo ukitegemea jinsi Mungu alivyo, wakati matokeo bado hayajaonekana. Utulivu moyoni unaweza kuja au usije. Kinachopimwa ni uamuzi.

Chukua Mithali 3:5, aya ambayo karibu kila Mkristo anaijua: "Mtumaini BWANA kwa moyo wako wote, wala usizitegemee akili zako mwenyewe." Wengi huishia hapo, au kwenye aya ya 6. Ukiendelea na sura hiyohiyo, aya ya 9 inagusa mali na malimbuko, na aya ya 28 inakataza kumwambia jirani "nenda, urudi, na kesho nitakupa" ilhali kitu unacho. Kwa hiyo mwandishi wa Mithali anapozungumzia "njia zako zote" anaingia hadi kwenye deni la fundi aliyemaliza kazi na bado anazungushwa. Anayemlipa fundi huyo leo, bila kuzishikilia fedha kwa hofu ya kesho, anaitii sura hiyo kuliko aliyeibandika aya yake ukutani.

Kwa nini kila siku? Jibu la zamani kabisa liko Kutoka 16. Mana iliokotwa asubuhi kwa asubuhi, pishi moja kwa kila mtu, na iliyobakizwa hadi kesho yake iliingia mabuu na kunuka. Siku ya sita peke yake iliokotwa mara mbili, kwa ajili ya Sabato. Israeli hawakupewa ghala la mwezi mzima, ili kila kulipokucha wamwangalie Mungu upya. Maombolezo 3:22-23 yanasema rehema zake ni mpya kila siku asubuhi, na aliyesema hivyo alikuwa akiulilia Yerusalemu uliobomolewa na Wababeli. Tusiisome aya hiyo kana kwamba iliandikwa siku ya harusi.

Desturi ya kugawiwa aya ya siku nayo ina historia. Huko Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728, Zinzendorf, kiongozi wa kanisa la Kiprotestanti la Wamoravian, alianza kuwapa waumini wake neno moja la kuishi nalo siku nzima, likipelekwa nyumba kwa nyumba. Kitabu cha kwanza cha maneno ya mwaka mzima kilichapwa kwa ajili ya mwaka 1731, na hakijakoma mpaka leo. Aya ya Agano la Kale hupatikana kwa kura, kisha aya ya Agano Jipya huchaguliwa ili iendane nayo. Wamisionari wa kanisa hilo walifika Rungwe, kusini-magharibi mwa Tanzania ya leo, mwaka 1891. Upande wa watawa, Guigo wa Pili, mtawa wa shirika la Wakartusi wa karne ya 12, aliupanga usomaji wa Maandiko katika ngazi nne: kusoma, kutafakari, kusali, na kutulia mbele za Mungu. Na katika jumuiya ndogo ndogo za Kikristo za Afrika Mashariki hutumika pia zile hatua saba zilizotoka taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini: kumkaribisha Bwana, kusoma, kuchagua maneno na kuyarudia, kukaa kimya, kushirikishana, kuangalia kazi ya kufanya, kusali pamoja.

Namna ya kufanya

Chagua kifungu kabla ya siku kuanza, jana usiku ikiwezekana. Anayeamka na kuanza kupekua kurasa akitafuta aya inayomgusa atatumia dakika kumi kupekua, kisha atachagua ile aliyokwisha kuipenda. Kifungu cha aya 6 hadi 12 kinatosha. Zaburi fupi isomwe yote. Kitabu kirefu kifuatwe kwa mpangilio, kuanzia kilipoachwa jana.

Soma mara mbili, mara moja kwa sauti. Yoshua 1:8 inasema kitabu cha torati kisiondoke kinywani, na kuna sababu: macho huruka neno yanalodhani yanalijua, ulimi hauruki kirahisi. Ukiwa na tafsiri mbili za Biblia, ya Union pamoja na Habari Njema, soma moja, kisha nyingine. Zikitofautiana, hapo ndipo pa kusimama na kutazama.

Kabla ya kujiuliza "linaniambia nini mimi?", uliza maswali matatu makavu: nani anasema, anamwambia nani, na nini kimetokea kabla ya hapo. Halafu uliza kifungu kinamwonyesha Mungu akifanya nini au akiwa wa namna gani. Swali hili ndilo kiini cha tafakari ya kumtumaini Mungu, na ndilo linalorukwa zaidi, kwa kuwa sisi sote tuna haraka ya kufika kwenye habari zetu. Anayeruka hapa humaliza tafakari akiwa ameyawaza matatizo yake kwa dakika ishirini, Biblia ikiwa wazi mapajani.

Baada ya hapo omba, ukitumia maneno ya kifungu chenyewe. Mwisho andika sentensi moja daftarini yenye tendo, mtu na muda. "Nitamtumaini Mungu zaidi" haifai, maana jioni huwezi kujua kama ulifanya. "Kabla ya saa sita nitampigia simu mwenye nyumba nimweleze ukweli kuhusu kodi" inafaa.

Mfano: Zaburi ya 13

Zaburi hii ina aya sita tu. Aya mbili za kwanza zinauliza "hata lini" mara nne: hata lini utanisahau, hata lini utanificha uso wako, hata lini nihangaike na mashauri nafsini mwangu, hata lini adui atukuke juu yangu. Malalamiko yanaanza na Mungu, yanapita moyoni mwa mlalamikaji, yanafika kwa adui. Aya ya 3 na ya 4 ni ombi, na lina sababu ndani yake: uyatie nuru macho yangu, nisije nikafa, adui akafurahi. Aya ya 5 inageuka ghafla: "Nami nimezitumaini fadhili zako." Ya 6 ni wimbo.

Sasa angalia kisichokuwemo. Hakuna mstari unaosema adui ameondoka. Kati ya aya ya 4 na ya 5 hatuambiwi kwamba jambo lolote limebadilika huko nje. Mwimbaji anashika fadhili za Mungu, yaani tabia yake, huku swali lake la "hata lini" likiwa halijajibiwa. Pia angalia kwamba malalamiko hayakukatazwa. Karibu theluthi moja ya Zaburi zote 150 ni za namna hii, za kulia na kulalamika mbele za Mungu, na ziliwekwa katika kitabu cha ibada ziimbwe na wote. Anayemkemea mgonjwa kwamba kulia ni kukosa imani amekisahau kitabu chake mwenyewe.

Mtu aliyesubiri majibu ya kazi miezi mingi anaweza kuitumia hivi: aandike "hata lini" zake kwa majina na tarehe, aandike ombi moja na sababu yake, kisha aandike fadhili moja ya Mungu ambayo Maandiko yenyewe yanaitaja. Tendo la siku linaweza kuwa kupeleka maombi mengine ya kazi mahali pengine. Kusubiri kwa Zaburi hakumzuii kutembea.

Panapoharibika

Aya inayotumiwa vibaya kuliko nyingine, kwa maoni yetu, ni Yeremia 29:11, ile ya mawazo ya amani na tumaini la siku za mwisho. Huandikwa kwenye kadi za mahafali na za mwaka mpya. Sura yake ni barua kwa watu waliohamishwa kwa nguvu kwenda Babeli. Katika sura ya 28 nabii Hanania alikuwa ameahidi kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu vingerudi na mateka wangerudi. Yeremia akaandika kinyume: jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni, uombeeni amani mji huo mliochukuliwa, kwa maana ni miaka sabini. Waliosikia barua ile wakiwa watu wazima wangezikwa Babeli. Ahadi ni ya kweli, ila inawahusu watu wa Mungu kwa vizazi, na aliyekuwa akiahidi matokeo ya haraka katika habari hii ni nabii wa uongo. Anayetaka kuitumia aya ya 11 na asome kuanzia 28:1 hadi 29:14. Atapata tumaini zito kuliko la kadi: namna ya kuishi vizuri mahali usipopapenda, bila kumwona Mungu kuwa amekuacha.

Kosa la pili linafanana na hilo lakini lina hatari zaidi. Kwenye Mathayo 4 Ibilisi anamnukulia Yesu Zaburi ya 91 juu ya kinara cha hekalu: jitupe chini, malaika watakuchukua. Nukuu ipo kweli kwenye Zaburi. Yesu anaikataa kwa Kumbukumbu la Torati 6:16, usimjaribu Bwana Mungu wako. Tofauti ya kumtumaini na kumjaribu ni hii: anayetumaini anafanya wajibu wake na kumwachia Mungu matokeo, anayejaribu anatengeneza hatari ili Mungu alazimike kujionyesha. Kuacha dawa za presha au za kisukari baada ya kusoma aya ya uponyaji kunaingia kundi la pili. Mfalme Hezekia aliahidiwa na Mungu mwenyewe kwamba ataongezewa miaka 15, na bado katika 2 Wafalme 20:7 Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Nehemia na wenzake, Nehemia 4:9, waliomba na wakaweka walinzi, mchana na usiku, katika sentensi moja.

La tatu ni kudhani kwamba kutumaini kunahitaji uhakika wa matokeo. Shadraka, Meshaki na Abednego walimwambia Nebukadneza kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza "bali kama si hivyo". Tafakari yoyote ya Danieli 3 inayoruka maneno hayo manne imeukata mguu wa habari yenyewe.

Na kuna siku moyo ni mkavu kabisa. Siku hiyo baba wa mtoto katika Marko 9:24 anatosha: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu hakumrudisha nyumbani akaongeze imani kwanza.

Pa kuanzia

Kwa anayeanza, Zaburi ni rahisi kuliko nyaraka, na inafaa kuchagua kwa kuangalia hali. Hofu: 56, ambayo kichwa chake kinamtaja Daudi mikononi mwa Wafilisti huko Gathi. Safari: 121. Wivu kwa wanaofanikiwa kwa njia mbaya: 37 au 73. Fedha zinapoongezeka, jambo ambalo watu husahau kulitafakari: 62, hasa aya ya 10. Usingizi unaokosekana kwa sababu ya kazi: 127. Msiba mbichi: 88, ambayo haina aya ya kugeuka kama ile ya 13. Usiiongezee. Mithali nayo ina sura 31, moja kwa kila tarehe ya mwezi mrefu, ingawa sura nzima ni nyingi mno kwa siku moja, hivyo chagua aya kumi.

Kwenye ibada ya ofisini au ya familia, tafakari isizidi dakika saba: kifungu, mazingira yake kwa sentensi mbili au tatu, jambo moja, sala. Mhubiri wa mambo matatu asubuhi ya Jumatatu huwapotezea watu hilo moja ambalo wangelikumbuka saa nane mchana. Unapotuma aya kwenye kundi la simu, andika na sura yake yote chini, mfano "soma Yeremia 28 na 29", ili mwenye nafasi afungue.

Siku ukikosa, soma ya leo. Usijaribu kulipa siku nne kwa asubuhi moja, kwa kuwa hapo utasoma ili umalize. Kama kitabu unachokifuata kina tarehe, ruka uende kwenye ya leo. Kama unafuata kitabu cha Biblia kwa mpangilio, endelea ulipoishia, hata kama Marko itakuchukua miezi mitatu.