Taa ya Ziada kwa Kamera ya Geti: Ifungwe Wapi

Kabla hujanunua kamera ya megapikseli nyingi zaidi, tazama mwanga. Kamera ikiwa gizani huongeza geini (hukuza kielektroniki mwanga hafifu inaoupata), picha ikajaa chenga, yaani vidoadoa; tena huacha shata (kinachopima muda wa kupokea mwanga) wazi muda mrefu, na mtu anayetembea akatoka kama moshi. Ukipandisha kipunguza chenga hadi mwisho, chenga zinaondoka pamoja na sura yake.

Taa za infraredi (mwanga ambao jicho halioni lakini kamera inauona) zilizomo ndani ya kamera ziko sentimita chache tu kutoka kwenye lenzi, na hapo ndipo shida inapoanzia. Vumbi, matone ya mvua, kumbikumbi: chochote kinachopita karibu humulikwa na kuurudisha mwanga kwenye lenzi. Uzi mmoja wa buibui huonekana mweupe, mnene kama kamba ya katani, na kila upepo ukiutikisa rekoda, kifaa kinachohifadhi video, inahesabu kuna mtu.

Kwa hiyo zima taa hizo kwenye menyu, kisha funga taa ya infraredi ya nje, mita 1 hadi 2 pembeni ya kamera. Wadudu watakusanyika huko. Kwa geti nachagua ya nanomita 850 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga): ina wekundu hafifu ukiitazama, lakini kamera inaiona vizuri. Ya 940 haionekani kwa macho, ila umbali wake hupungua hadi karibu nusu.

Upana wa mwanga ulingane na lenzi. Lenzi ya milimita 2.8 huona upana wa takriban nyuzi (digrii) 100; ukiipa taa ya nyuzi 30 utapata duara jeupe katikati na giza pembeni. Kumbuka pia kwamba umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaofika ni robo tu. Na usiache ukuta mweupe ulio karibu uingie kwenye mwanga, maana kamera itajipima kwa ukuta huo na kulitia geti giza.

Waya ndio unaowaangusha mafundi wengi. Taa ya volti 12 inayokula ampea 1, kwa waya wa shaba wa milimita 0.5 za mraba wenye urefu wa mita 30, hupoteza takriban volti 2 njiani. Waya wa 1.5 hupoteza 0.7 tu. Kamera inayojizima kila giza linapoingia, mara nyingi adapta yake imezidiwa pale taa zinapowaka.

Kama picha inarukaruka kati ya rangi na nyeusi-nyeupe, kamera inaidhani taa yako ni mchana. Usitumie "auto", yaani kamera kujibadilisha yenyewe; weka ratiba ya saa za nyeusi-nyeupe. Kwa Dar es Salaam, ambako machweo hayasogei sana mwaka mzima, 18:30 hadi 06:30 inatosha.

Jambo moja zito: infraredi haitoi rangi, na koti jeusi la polista linaweza kuonekana jeupe. Anayehitaji ushahidi wa rangi ya nguo au gari afunge taa nyeupe ya LED, wati 10 hadi 20.

Mwisho, weka shata ya sekunde 1/50, mtu atembee kutoka getini usiku, kisha simamisha video usoni pake. Macho yakiwa mashimo meusi, taa iko juu mno, ishushe. Uso ukiwa mweupe kama karatasi, punguza nguvu ya taa au igeuze kidogo pembeni, urudie.