Mkemia wa Fedha na Dhahabu Hufanya Kazi Gani?

Watoto wa Lamu hukua wakisikia nyundo ya sonara, ila ni wachache wanaoambiwa kwamba ipo kazi nyingine inayoanzia pale sonara anapoishia. Mimi ni mkemia wa madini ya thamani, na ningependa wazazi na vijana wa Lamu, Shela na Faza waijue kazi hii kama wanavyoujua udaktari na ualimu.

Swali letu ni hili: chombo hiki kina nini ndani, na kwa kiasi gani? Fedha tupu ni laini mno kwa bangili, kwa hiyo huchanganywa na shaba. Kiwango kinachotambulika zaidi ni 925, yaani sehemu 925 za fedha katika kila 1000. Lakini muhuri wa 925 yeyote anaweza kuugonga, na ipo aloi, yaani mchanganyiko wa metali, ya shaba, nikeli na zinki inayong'aa vilevile bila kuwa na fedha hata chembe.

Siku hizi kipimo cha haraka ni mashine ya eksirei. Kila elementi hurudisha mionzi ya kiwango chake, na majibu hupatikana kwa dakika chache bila kukwaruza kitu. Wanaoanza kazi wengi hudhani yameisha hapo. Mashine hiyo husoma tabaka la juu tu! Fedha yenye shaba ikizikwa karne nyingi kwenye udongo wa chumvi kama wa visiwa vyetu, shaba ya juu huliwa kwanza, na juu hubaki fedha nyingi kuliko ilivyo ndani. Ndiyo maana visarafu vya fedha kama vilivyofukuliwa Shanga, kisiwani Pate, katika uchimbuzi ulioongozwa na Mark Horton miaka ya 1980, havifai kusomwa kwa pupa. Mkemia huomba kusafisha sehemu ndogo mno ukingoni, au hupima uwiano wa isotopu (atomi za elementi moja zinazotofautiana uzito) za risasi, ile metali nzito yenye sumu, iliyobaki ndani ya fedha tangu mgodini, uwiano unaoweza kudokeza madini yalikotoka. Wahifadhi wa makumbusho wakikataa asiguse, naona wana haki. Kitu kilichokaa ardhini miaka elfu hakina cha kukirudisha kikiharibika.

Kemia hii humfaa sonara pia. Chukua reale ya Maria Theresa, ile sarafu ya fedha yenye mwaka 1780 iliyozunguka sana katika bandari za mwambao. Ina uzito wa gramu 28.07, na fedha yake ni sehemu 833 tu katika 1000. Anayeiyeyusha kutengeneza mkufu hawezi kuuita 925. Ili afikie hapo, lazima aongeze kama gramu 34 za fedha tupu, zaidi ya uzito wa reale yenyewe. Wengi hawaamini mpaka wapige hesabu.

Lipo jambo linalonitia hofu: lehemu yenye kadimiamu, metali yenye sumu. Huyeyuka upesi, kwa hiyo hupendwa. Moshi wake huumiza mapafu na figo, na mtu aweza kuuvuta mchana asione chochote mpaka usiku. Sonara, dai lehemu isiyo na kadimiamu, na usichomee kwenye chumba kisichopitisha hewa.

Anayeitaka kazi hii ashike kemia, fizikia na hisabati tangu sekondari, kisha asome shahada ya kemia. Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, kiko jirani kuliko vingi. Ajira zipo migodini, kwenye viwanda vya kusafisha dhahabu, mashirika ya viwango, makumbusho, na viwanda vinavyotumia metali za platini na paladi kusafisha moshi wa magari. Mabinti wasiogope: kazi hii haitaki misuli, inataka subira na mkono usiotetema.

Mwanafunzi aweza kuanza leo kwa mizani ya sonara. Pima bangili isiyo na uwazi ndani, kisha ipime tena ikining'inia kwa uzi ndani ya maji. Bangili ya gramu 50 iliyo 925 kweli itapungua takriban gramu 4.8. Ile ya shaba, nikeli na zinki itapungua karibu 5.7. Ikipungua 4.5 tu, shuku kwamba ndani mna risasi, na usimvishe mtoto.