Ndege wa siafu wala hali siafu

Jamani hii naiona kila mara, mtu akisikia kule misitu ya Amazon kuna ndege wanaitwa ndege wa siafu basi anahitimisha hapohapo kwamba chakula chao ni siafu. Siyo kabisa, ndege hawa hawana habari na siafu wenyewe, ni mara chache sana kumwona anameza hata mmoja.

Kama siafu washawahi kukuvamia nyumbani utanielewa haraka: mende wanachomoka nyuma ya kabati, buibui, nge, kila mdudu anaokoa roho yake na wewe umebeba watoto uko nje. Sasa msituni ndo hivyohivyo, jeshi la Eciton burchellii, siafu wa huko, likipita kwenye majani makavu panzi wanaruka hovyo, na huyu ndege jamaa yetu kashajipanga zamani, kang'ang'ania kijiti kilichosimama wima karibu na ardhi, anashuka, anadaka panzi, anarudi juu kabla hajapandwa miguuni.

Kati ya ndege hao mimi nampenda zaidi Pithys albifrons, miguu ya rangi ya chungwa, manyoya meupe yamesimama usoni kama ndevu za babu. Ila aibu tele, kwenye vichaka vya giza utaambulia sauti tu.

Halafu hao siafu wana ratiba yao, kama wiki 2 wanahamahama kila siku, kama wiki 3 wametulia sehemu moja na hawatoki sana, ndo maana ndege anakuwa na makundi kadhaa ya siafu ya kuyazungukia, asubuhi anapita kambini kwao kuchungulia nani leo anatoka.