SOD na katalasi hazimezwi kwenye kidonge

Madukani zipo chupa zilizoandikwa SOD (superoksaidi dismutesi) au katalasi, vimeng'enya vinavyoondoa sumu za oksijeni mwilini, zikiuzwa kama kinga ya moyo na saratani. Naanzia hapo kwa sababu ndipo watu wanapopoteza fedha. Vitu hivyo viwili ni protini. Ukivimeza, tumbo na utumbo huvikatakata kama maharage, na kinachofika kwenye damu ni asidi amino. Vimeng'enya hivi kila seli hujitengenezea yenyewe, pale pale vinapohitajika.

Kazi yao hupokezanwa. Mitokondria, vinu vya nishati vya seli, zinapotumia oksijeni, sehemu ndogo yake hupokea elektroni moja tu na kuwa superoksaidi. SOD, iliyotambuliwa na McCord na Fridovich mwaka 1969, huigeuza kuwa haidrojeni peroksaidi. Hapo hatari haijaisha. Peroksaidi ikikutana na chuma kisichoshikwa na protini huzaa radikali ya haidroksili, na hiyo hakuna kimeng'enya cha kuidaka: hushambulia chochote kilicho jirani, iwe DNA au mafuta ya utando wa seli. Ndiyo maana katalasi na glutathioni peroksidesi lazima ziipokee peroksaidi mapema na kuifanya maji. SOD ikizidi huku hizo mbili zikiwa dhaifu, peroksaidi hurundikana.

Kila kimoja kina madini yake. SOD ya sitoplazimu (majimaji ya ndani ya seli) hutumia shaba na zinki, ya mitokondria manganizi, katalasi chuma, na glutathioni peroksidesi seleniamu. Glutathioni, molekuli ndogo ambayo peroksidesi hiyo huitumia, ikishatumika hurudishiwa nguvu kwa NADPH, molekuli inayobeba elektroni, ambayo chembe nyekundu za damu hutegemea kimeng'enya cha G6PD kuipata. Mwenye upungufu wa G6PD, hali ya kurithi iliyo ya kawaida katika maeneo yetu ya malaria, akipewa primakwini, dawa ya malaria, chembe zake zinaweza kupasuka kwa kukosa NADPH ya kutosha.

Sasa moyo. Ukuta wa ndani wa ateri hutoa nitriki oksaidi ili mshipa ulegee. Superoksaidi huinyakua kwa kasi kubwa mno na kutengeneza peroksinitriti. Mshipa hubana, na kuta zake hudhurika. Kolesteroli ya LDL iliyooksidishwa humezwa na seli za kinga hadi zinajaa mafuta, na utando mgumu huanza kujengeka. Mwaka 2003 watafiti wa Ujerumani waliwapima wagonjwa 636 walioshukiwa kuwa na maradhi ya ateri za moyo: wenye glutathioni peroksidesi dhaifu kwenye chembe nyekundu ndio waliopata zaidi mshtuko wa moyo au kufa kwa maradhi hayo. Na panya waliozaliwa bila SOD ya mitokondria walivimba moyo, wakafa ndani ya siku kumi hivi.

Mtu atauliza: basi si tuongeze antioksidanti, yaani vitu vinavyozuia uharibifu huu wa oksijeni, kwa wingi? Ilijaribiwa. Finland, wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 waligawanywa. Waliopewa miligramu 20 za beta-karotini kwa siku walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18, matokeo ya 1994. Marekani, vitamini E ya vipimo vya kimataifa (IU) 400 kwa siku iliongeza saratani ya tezi dume kwa asilimia 17.

Naona maelezo ya matokeo haya yenye uzito zaidi yapo ndani ya uvimbe wenyewe. Kabla ya saratani, vimeng'enya hivi hulinda DNA isiharibike. Saratani ikishaanza, ngao ile ile huilinda seli mbaya. Katika baadhi ya saratani za mapafu, KEAP1, protini inayoizuia NRF2 (protini inayowasha jeni za kinga hii), huwa imeharibika. NRF2 hubaki imewaka, glutathioni hujaa, na mionzi na dawa hupungukiwa nguvu.

Kwa mtu mzima seleniamu inayohitajika ni mikrogramu 55 kwa siku, na samaki, dagaa, mayai na maini huchangia vizuri. Ukomo ni 400. Kuupita kwa muda mrefu huanza kuonekana kwenye kucha zinazovunjika, nywele zinazonyonyoka na pumzi inayonuka kama kitunguu saumu.

Anayetibiwa kwa mionzi au doksorubisini, dawa ya saratani inayozalisha superoksaidi ndani ya moyo, kiungo chenye katalasi kidogo kuliko ini, asijiongezee antioksidanti kwa kubahatisha. Aibebe chupa yenyewe kliniki, daktari aisome lebo kabla ya dozi inayofuata.