Bonge wa bibi: tunayoyaamini kuhusu unene wa watoto

Ukienda Mikindani, mkoani Mtwara, kumwamkia bibi yangu ukiwa na mtoto mwembamba, atakuuliza kama nyumbani kwako kuna njaa. Ukienda na mnene, atambana mashavu, atamwita "bonge wa bibi", kisha atamtuma dukani akachukue soda. Simlaumu. Utotoni mwake mtoto aliyekonda alikuwa mtoto wa kuuguzwa, na surua au kuharisha kulimmaliza upesi. Ila maneno yake yamebaki vinywani mwetu wakati duka, jiko na mifuko yetu vimebadilika.

"Mtoto akinona ndiyo afya."

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii hutembea na utepe wa kupimia mkono, wenye rangi nyekundu, njano na kijani. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, kijani huanzia sentimita 12.5. Mama akiona kijani anashusha pumzi, na ana haki. Lakini utepe huo ulitengenezwa kumtafuta aliyekonda tu. Kijani chake hakina mwisho upande wa juu. Mtoto aliyezidi uzito naye anasoma kijani vizuri kabisa. Yeye hugundulika kwa mizani na kipimo cha urefu vikisomwa pamoja. Ukienda kliniki, omba na urefu upimwe.

"Huo ugonjwa wa Wazungu. Huku shida yetu ni udumavu."

Udumavu upo kweli: utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa, na kama 4 wamezidi uzito. Nne ni chache. Lakini hizi si safari mbili zinazopishana. Uholanzi ilipigwa na njaa kali mwaka 1944 hadi 1945, na vijana ambao mama zao walishinda njaa mimba zikiwa changa walionekana, walipopimwa wakiwa na miaka 19, kuwa na unene mwingi kuliko wenzao. Mwili ulioanza kwa kukosa unajifunza kuweka akiba. Sasa fikiria mimba inayopita Newala, hukuhuku Mtwara, kati ya Januari na Machi, ghala tupu na mavuno bado, halafu mtoto huyohuyo anakulia mjini kwenye chipsi na juisi ya unga.

"Ni damu ya ukoo wao."

Damu ina sehemu yake. Ila damu haibadiliki kwa mshahara. Marekani, takwimu za 2017 hadi 2020 zilionyesha unene uliokithiri kwa karibu asilimia 26 ya watoto wa familia zenye kipato cha chini, na asilimia 11.5 kwa wa familia zenye kipato cha juu. Kwetu mzani umeinama upande mwingine: kina mama walionenepa ni wengi zaidi mijini na kwenye nyumba zenye uwezo. Mahali unapoishi na pesa inayoingia vinaamua mengi kuliko jina la ukoo.

"Mpunguzie yeye chakula, atapungua."

Hapa ndipo nilipokosea mwenyewe. Wangu alipozidi uzito tulimficha soda. Baba yake aliendelea kunywa yake sebuleni, mimi yangu jikoni, na mtoto akajifunza kunywa kwa jirani.

Mwanasaikolojia Leonard Epstein wa Marekani alilifanyia kazi jambo hili miaka mingi. Matokeo aliyoyachapisha na wenzake mwaka 1990 yalifuatilia kwa miaka kumi watoto walioanza wakiwa na miaka 6 hadi 12. Kundi moja, mzazi na mtoto walibadilika pamoja, wote wawili wakifuatiliwa. Kundi jingine alifuatiliwa mtoto peke yake. La tatu halikulenga uzito wa yeyote hasa. Miaka kumi baadaye, wa kundi la kwanza walikuwa wameshusha kiwango cha uzito wao uliozidi kwa asilimia 7.5, na wa kundi la tatu wameongeza kwa 14.3. Mwaka 2023 ukatoka utafiti mwingine wa familia 452, ukifanyika kwenye kliniki za kawaida za watoto. Wazazi nao walipungua, na hata ndugu wa mtoto, ambao hakuna aliyewatibu, walinufaika. Mlango wa jikoni ni mmoja.

Tusitie chumvi. Mapitio makubwa ya mwaka 2019 yalikusanya majaribio 153 ya kuzuia unene wa watoto, mengi ya Marekani na Ulaya, na faida iliyopatikana kwa wastani ilikuwa ndogo. Tandahimba yetu ya Mtwara haimo. Kwa hiyo tunachokopa ni wazo, si ratiba yao ya chakula.

Epstein alipanga vyakula kwa rangi za taa za barabarani: kijani kula kwa nafasi, njano kwa kiasi, nyekundu kwa nadra. Kwa sahani ya Mtwara ningepanga hivi: matembele, mchicha na papai kijani, ugali wa muhogo, kunde na samaki wa kuchemsha njano, chipsi, maandazi na soda nyekundu. Kisamvu ni kijani mpaka kizame kwenye tui zito. Korosho naziweka njano: mafuta yake ni mazuri lakini ni mengi, kiganja kimoja kinatosha.

Na mtoto anayekua mara nyingi hahitaji kupungua kilo. Uzito ukitulia wakati urefu unapanda, yamekwisha. Kumnyima chakula cha usiku si dawa. Kumwita bonge mbele ya wageni nako hakujamkondesha mtu.

"Juisi si soda."

Chupa ya mililita 350 ya kola ina sukari kama vijiko tisa vya chai, karibu gramu 37. Mtoto wa miaka mitano anayehitaji kalori 1,300 hivi kwa siku anamaliza kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa gramu 32. Juisi ya unga iliyokorogwa na sukari inaingia hesabu hiyohiyo.

"Atapungua akikua."

Wengine hupungua. Lakini uchambuzi wa tafiti nyingi, wa mwaka 2016, ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wenye unene uliokithiri wanabaki nao hadi ujana, na kati ya vijana hao, wanane kwa kumi wanaingia nao utu uzima.

Msimu uliopita, pesa ya korosho ilipoingia, kreti la soda lilikuwa tayari limeagizwa Mikindani kama kila mwaka. Mama yangu akamwomba bibi alisimamishe. Bibi akakataa katakata: yeye hamnyimi mjukuu.

"Hatumnyimi yeye, mama. Kreti haliingii kwa mtu yeyote."

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

Akanyamaza kitambo, akipanga upya khanga begani. Kisha akamwita kijana wa jirani apande mnazi kuangua madafu.